Mpima Unyevu na Mafuta ya Mchaichai

Maikrowevu ilipofika nyumbani kwetu Igogo, mtaa mzima ulitaka kujua jambo moja tu: inapasha ugali wa jana kwa dakika ngapi. Nilijibu swali hilo mpaka nikaanza kujificha jikoni nikisikia hodi. Mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu Butimba na alipenda kila kitu kiwe na matumizi yanayoeleweka, naye aliniuliza vilevile, kwa upole wake unaoudhi. Nilimwambia sikununua mashine ya uporo. Nimenunua mashine ya kutoa mafuta kwenye majani.

"Mafuta ya kupikia?" akauliza.

"Ya kunukia."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu nilipunguzwa kazini. Miaka kumi na minne nilifanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha umma cha kukamua mafuta ya pamba. Kazi yangu ilikuwa unyevu. Nilipima unyevu wa mbegu, nikapima unyevu wa pamba, na msimu wa ununuzi ukifika nilipelekwa vijijini kukagua magunia kabla hayajapanda kwenye mizani. Kisha soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakagombania pamba kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na muda wa kutia mkono ndani ya gunia. Kavu walichukua, iliyolowa walichukua, yenye mchanga walichukua. Soko huria halikuhitaji mpima unyevu. Nilipewa barua fupi na kiinua mgongo kifupi zaidi, na sehemu kubwa ya kiinua mgongo hicho nikampa jirani aliyekuwa akienda Dubai kuleta bidhaa, aniletee maikrowevu.

Sikuwa nimepata wazimu, ingawa wifi zangu walisema hivyo. Bosi wangu wa zamani, alipokuwa anafungasha ofisi, aliniachia jarida la kemia lililokuwa limeliwa na mende pembeni. Ndani yake niliona makala ya watu wa maabara za mbali waliokuwa wanatoa mafuta ya mimea kwa maikrowevu. Nilisoma mara tano. Mawimbi ya mashine ile hutafuta maji. Jani bichi lina maji yake ndani. Maji hayo yakichemka humo humo, vifuko vidogo vya mafuta hupasuka, mvuke unayabeba, unapita kwenye bomba la baridi, unarudi kuwa maji, na mafuta yanabaki yakielea juu. Hakuna kuni, hakuna sufuria la maji, na kazi ya saa tatu kwenye mkaa inakwisha kwa nusu saa. Nilipofunga jarida lile nilihisi kwa mara ya kwanza tangu barua ile kwamba kichwa changu bado kina kazi.

Chupa ya tumbo la mviringo na bomba la kupozea nilivinunua kiwanda kilipouza vitu vyake kwa mnada. Kilichobaki kilikuwa kutoboa tundu juu ya maikrowevu ili shingo ya chupa itokeze nje. Fundi friji wa Igoma niliyempelekea aliizunguka mara mbili, akaipapasa.

"Mama, kitu kizima namna hii nikitoboe?"

"Toboa."

"Kina ubaya gani?"

Nilimfokea, akatoboa. Kisha nikamwambia achomelee kipande cha bomba la shaba kuzunguka tundu lile, kwa sababu mawimbi hayatakiwi kutoka nje kuja kutupika sisi. Aliposikia hivyo alichomelea kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwa fundi yeyote wa Mwanza. Mume wangu naye, tangu siku hiyo, nikiwasha tu alihamisha kiti chake chumba cha pili.

Jaribio la kwanza nilifanya kwa shina la mchaichai lililokuwa mlangoni pa jiko letu, lile ambalo majirani wote walikuja kuchuma la chai. Nilikata lote, nikayakatakata majani, nikajaza chupa, nikawasha. Baada ya dakika ishirini mafuta yalianza kushuka, ya njano hafifu, yakakaa juu ya maji kama jicho. Yalifika nusu kijiko cha chakula. Nyumba yote ilinukia mpaka kesho yake. Nilicheka peke yangu, nikalia kidogo, kisha nikayatia kwenye kichupa cha dawa ya macho na kumpelekea mwenye sabuni.

Mwenye sabuni alikuwa mzee wa makamo, wa familia ya wafanyabiashara wa siku nyingi, na karakana yake ilikuwa Igoma. Alichemsha sabuni ya mche ya kufulia, lakini sabuni za kuogea za nje zilikuwa zimejaa madukani kwa karatasi zao za kung'aa, na yeye naye alitaka kutengeneza ya kuogea, yenye harufu. Marashi ya kutia ndani alikuwa anapanga kuyaagiza Dubai, pipa zima. Alinusa kichupa changu, akafumba macho, akanusa tena.

"Mama, hiki ni kitu," alisema. "Lakini hiki ni kijiko. Mimi napika kwa pipa. Nionyeshe gunia. Nikiona kwa macho yangu gunia moja linatoa chupa, siagizi pipa la watu. Nitakuwekea chumba hapa, na mashine zako, na wewe ndiye utakuwa mkemia wangu."

Mkemia wangu. Nilirudi Igogo kwa miguu kwa sababu nilitaka kuyarudia maneno yale njia nzima.

Tatizo lilikuwa gunia. Kwetu kila mtu ana shina moja la mchaichai mlangoni, la chai, basi. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa na mchaichai wa kujaza magunia: mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, aliyekuwa akiishi kijijini, mbele ya Kisesa kwenye barabara ya Musoma. Alikuwa ameupanda kuzunguka shamba lake lote la mteremko ili kushika udongo, na watu walisema pia unafukuza nyoka. Nilimwandikia barua. Nilimwomba akate gunia moja lililojaa, majani mazuri, aniletee Jumamosi kabla ya saa nane mchana, kwa sababu mgao wa umeme upande wetu ulikuwa unaturudishia umeme saa nane na kuuchukua saa kumi na mbili.

Jumamosi hiyo mwenye sabuni alifika saa saba na nusu, amevaa kanzu safi, akakaa kwenye kiti cha mume wangu. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Ndoo sita za maji ya ziwa za kupozea bomba zilikuwa zimejipanga ukutani. Saa nane kasoro dakika chache mama mkubwa akaingia na gunia kichwani, limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone. Hamjambo hapa?" Alizoea kuniita mwanangu kwa Kisukuma, hata mbele ya wageni.

Alilishusha gunia lile kwa mkono mmoja. Hilo nililiona. Mimi, mtu niliyekula mshahara miaka kumi na minne kwa kujua uzito wa maji, niliona mwanamke wa miaka sitini anashusha gunia la majani kwa mkono mmoja, na nikafurahi kwamba halikumchosha.

Umeme ukarudi. Nikakata uzi. Majani yalikuwa yamekauka. Sisemi yalikuwa yamenyauka. Yalikuwa makavu kiasi kwamba nilipotia mkono yalilia na kuvunjika. Yalikuwa yamepangwa vizuri, mafungu kwa mafungu, hakuna takataka, hakuna udongo, kazi ya mtu aliyejitahidi.

"Nimeyaanika siku tatu kwenye mwamba," mama mkubwa alisema, na uso wake ulikuwa na fahari. "Nimeyageuza mwenyewe asubuhi na jioni. Hakuna hata tone."

Mwenye sabuni alikuwa anatazama. Nikajifanya mambo yako sawa, nikasokomeza majani ndani ya chupa, nikamwagia kikombe cha maji, maana akili yangu bado ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea. Maji hayakunisaidia. Jua la siku tatu juu ya jiwe la moto lilikuwa limeshachukua mafuta yote kabla yangu. Matone yalianza kushuka kutoka kwenye bomba, maji matupu, na juu yake utando mwembamba ambao ungeweza kuwa mafuta au vumbi. Nikaongeza moto. Majani ya juu, ambayo maji hayakuyafikia, yakaanza kuungua, na moshi ukapanda kwenye bomba, ukajaza chumba.

Mwenye sabuni alikohoa kwa adabu. Alichukua kikombe cha maji yale, akanusa.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo ile," nilisema.

"Mama, hii inanuka paa la nyasi."

Hapo ndipo hasira ikanitoka. Haikumwendea yeye, wala mashine. Ilimwendea mama mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ananyoosha miguu baada ya safari. Nilimuuliza nani alimwambia ayakaushe. Nilimuuliza kama barua yangu ilisema kausha. Nilimwambia amenimaliza, kwamba kazi ya miezi ameimaliza kwa siku tatu, kwamba hata mtoto wa darasa la pili anajua jani la kunukia halianikwi kama mhogo. Nilisema yote hayo kwa sauti, mbele ya mgeni, mbele ya mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni na kalamu nyekundu mkononi. Mama mkubwa alivuta khanga, akafunika miguu.

Mwenye sabuni aliinuka. Alikuwa mtu mwenye utu. "Pipa langu naliagiza Ijumaa," aliniambia nje. "Nina mtu anasafiri. Ukipata chupa kabla ya hapo, nakusubiri. Kikombe cha kahawa kikijaa kinanitosha kuamua."

Niliporudi ndani mama mkubwa alikuwa anakunja gunia lake tupu.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema.

"Nilikufundisha nini?"

"Kwamba mali yenye maji ni wizi."

Nilijua anaongelea nini, na nilikuwa nimekaa miaka saba nikijifanya sijui.

Kabla soko halijafunguliwa, nilipokuwa mkaguzi, kulikuwa na desturi kwenye ghala la kununulia pamba la kijiji chao. Gunia likionekana limelowa, halikurudishwa nyumbani. Lilimwagwa juu ya mwamba mkubwa ulio kando ya ghala, na mwenye mali alikaa hapo hapo pembeni yake mpaka pamba ikauke, watu wote wakipita na kumwona. Siku hiyo mvua ilinyesha asubuhi, mvua fupi ya ghafla. Mama mkubwa alikutana nayo njiani akiwa na gunia kichwani. Nilipotia mkono ndani nilihisi unyevu juu tu, chini ilikuwa kavu kabisa. Ilikuwa mvua. Nilijua ni mvua, kwa sababu mvua ile ile ilinikuta mimi nyuma ya gari la kazi, na sketi yangu ilikuwa bado inanishika mapajani wakati nachunguza gunia lake.

Lakini nyuma yangu alisimama bwana mnunuzi wa ushirika, na wiki hiyo maneno yalikuwa yameanza kwamba nawapitisha ndugu zangu. Basi nikapaza sauti. Nikasema, "Anayeleta pamba yenye maji anatuuzia maji, na huo ni wizi, awe ndugu, awe nani." Likamwagwa. Mwanamke aliyenilea tangu darasa la tatu, ambaye karo yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye pamba ya shamba lile, alikaa juu ya mwamba kuanzia asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama. Mimi nilikuwa kivulini na daftari langu. Nilimpelekea maji ya kunywa kupitia kwa mtu mwingine.

Jioni ile sikumwomba radhi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mwaka uliofuata sikumwomba kwa sababu ulikuwa umepita mwaka. Na yeye hakusema. Aliendelea kuja mjini, akiniletea karanga, mtama, mihogo, vyote vikavu vinavyogonga kama changarawe, na mimi niliwaambia watu kwamba mama mkubwa hana mpinzani kwa kukausha.

Jumatano, umeme ulipokuwa upande wa wenzetu, nilipanda pikapu ya abiria kwenda kijijini. Nilimkuta anapepeta. Nilimweleza vizuri safari hii, taratibu, kwamba mashine yangu inataka maji yaliyo ndani ya jani, kwamba kavu haifai, kwamba nahitaji gunia bichi, na lifike Igogo kesho kabla ya saa nane. Nilimwomba. Nadhani hata nilipiga magoti, lakini kwa ajili ya gunia.

"Nitakukatia," alisema. "Kubeba, utabeba wewe. Na tutapita njia kuu."

Njia kuu ilipita mbele ya ghala. Kulikuwa na njia ya mkato kupitia kwenye mashamba, fupi kwa robo saa, na sote tuliijua. Sikubishana.

Nililala kwake, na Alhamisi alfajiri tulikata pamoja, umande ukiwa bado kwenye majani. Yalijaza gunia mpaka likakataa kushonwa. Lilipokaa kichwani kwangu nilihisi shingo inazama, na maji yakaanza kunitiririka usoni na mgongoni. Mama mkubwa alitangulia, hatua zake ndogo ndogo, hana mzigo.

Ulikuwa msimu wa ununuzi. Mbele ya ghala kulikuwa na mizani tatu za kampuni tatu, na vijana wa kupima ambao sikuwajua na wao hawakunijua. Wakulima walikuwa wamepanga magunia yao, mengine yakitoa maji chini waziwazi, hakuna anayejali. Mzee mmoja wa zamani akanitambua.

"He! Mpimaji! Leo wewe ndiye unayechuruzika?"

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kikali. Nikaanza kuwaeleza. Niliwaambia kuhusu mashine, kuhusu mawimbi, kuhusu mafuta ya kunukia, kwamba kazi hii ni tofauti na pamba, kwamba hapa maji ndiyo mali. Nilieleza vizuri, kama niko darasani. Wengine walisikiliza, wengine wakarudi kwenye magunia yao.

Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa amesimama kando ya mwamba. Alikuwa hautazami mwamba, alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja, na nilijua anangoja nini, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Ningeweza kuyasema na gunia likiwa kichwani. Mzee yule alikuwepo, naye alikuwepo siku ile. Lakini jua lilikuwa limeshapanda, na niliona mawazoni mwangu majani yangu yanapoteza maji kila dakika, na saa nane, na Ijumaa, na chumba cha Igoma chenye mashine zangu.

"Mama, majani yananyauka," nilisema. "Tutaongea."

"Haya," alisema. Akanisindikiza mpaka barabarani. Alisaidia kupandisha gunia kwenye pikapu kwa mikono yote miwili.

Mafuta yalitoka. Sitaki kuyaeleza sana, maana kila nikiyaeleza hasira inanirudia. Nilijaza chupa mara saba kabla umeme haujakatika, na Ijumaa asubuhi nilikuwa na kikombe cha kahawa kilichojaa hadi ukingoni, mafuta ya njano safi kama asali changa. Mwenye sabuni aliyamimina kiasi kwenye sufuria yake ndogo ya majaribio, akakoroga, akamwita mke wake kutoka nyuma. Mke wake alinusa, akasema, "Hii ndiyo nitakayoogea." Mzee akamtuma mtu kwenda kumwambia yule msafiri aache habari ya pipa kwanza.

"Magunia manne kila wiki," aliniambia. "Tuanze na hayo. Mabichi, kama uliyotumia. Tutayanunua kwa kilo, bei nzuri. Nenda ukaweke mambo sawa na mwenye shamba, Jumatatu uniletee jibu, nianze kupaka chumba chokaa."

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kijijini na kilo mbili za sukari na khanga mpya. Mama mkubwa alikuwa nyuma ya nyumba, anabangua karanga ndani ya ungo. Alinipokea, akaniuliza habari za mume wangu, akanipa kigoda. Nikamweleza kila kitu kwa furaha, kilo, bei, magunia manne, pikapu itakayokuja kuchukua hadi shambani ili asibebe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yale ya Alhamisi yalifaa?"

"Yalifaa sana, mama."

"Nashukuru. Yale nilikupa kwa sababu ulikuwa umekwama. Mengine siuzi."

Nilidhani hajaelewa bei. Nikairudia. Nikamwambia kilo moja ya majani, kitu kinachoota chenyewe, itamletea zaidi ya pamba anayoinamia miezi saba. Nikamwambia hakuna mwingine mwenye mchaichai wa kutosha, na nikianza kupanda leo mwenye sabuni hatanisubiri. Sauti yangu ikapanda. Nilikasirika, nakiri, nilikasirika kwamba mtu anaweza kukataa jambo lililo wazi namna ile, na chini ya hasira hiyo nilijua wazi kabisa kwa nini anakataa, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Kwenye mizani yako nilishakaa siku moja," alisema. "Inatosha."

Basi nikasema. Nikasema pale nyuma ya nyumba, hakuna mtu mwingine, kuku tu. Nilisema pamba yake haikuwa na kosa. Nilisema ilikuwa mvua, na nilijua ni mvua, na nguo zangu mwenyewe zilikuwa zimelowa mvua hiyo hiyo. Nilisema nilimwogopa yule bwana aliyesimama nyuma yangu kuliko nilivyomheshimu yeye. Nikamwomba anisamehe. Maneno yalitoka yamepangana, kwa sababu nilikuwa nimeyatunga miaka saba.

Mama mkubwa aliacha kubangua. Alinitazama bila chuki yoyote, na ningependa ingekuwa chuki.

"Nilijua kwamba unajua," alisema. "Nilikusamehe zamani, ng'wanone, usiumie. Ila nilikuwa nangoja useme wakati bado nilitaka kusikia. Alhamisi bado nilitaka."

Akachukua karanga nyingine. Nilikaa naye mpaka ungo ukajaa, nikala kwake, nikaagwa kwa mfuko wa karanga zilizobanguliwa. Jumatatu asubuhi nilikwenda Igoma kumwambia mwenye sabuni aagize pipa lake.